Mkate wa Kiitaliano katika jiko la Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayejua kuumua mahamri tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa hapa. Nusu iliyobaki ni kuvumilia unga unaonata na kuacha kutegemea saa ya ukutani. Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wa Mombasa wanaotaka kuoka nyumbani ule mkate wenye ganda gumu na matundu ndani. Vipimo vyote ni vya mkate mmoja wa unga nusu kilo, na nyakati zote zimetajwa kwa saa za Kiswahili.

Mkate wenyewe ni upi hasa?

Ni mkate wa kawaida wa nyumba za Italia, wenyewe huuita pane casereccio. Una unga wa ngano, maji, chumvi na hamira, basi. Hauna sukari, maziwa, mayai wala siagi, na hapo ndipo unapoachana na boflo la dukani. Kila upande wa Italia una wake. Altamura, mji wa mkoa wa Puglia, huoka kwa unga wa manjano wa ngano ngumu, na tangu 2003 jina la mkate huo linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Watu wa Toscana huoka bila chumvi kabisa, kwa kuwa kitoweo chao ni nyama na jibini zenye chumvi nyingi. Ukiuonja mkavu utadhani mwokaji kasahau. Genova wana focaccia, mkate bapa wa sinia wenye mafuta. Na ciabatta, mkate mrefu bapa wenye matundu makubwa ambao wengi huudhania wa kale, ilibuniwa 1982 na Arnaldo Cavallari, mwenye kinu cha unga katika mji wa Adria, wakati mikate mirefu ya Kifaransa ilipokuwa ikiwateka wateja wa Italia.

Kwa sisi wa pwani mikate hii si mgeni wa jana. Waitaliano wameishi Malindi na Watamu kwa miongo mingi, na mikahawa yao huko huioka kila siku.

Nipe vipimo na njia, maelezo baadaye.

Unga gramu 500, maji gramu 350, chumvi gramu 10, hamira kavu ya chembe ndogo robo ya kijiko cha chai. Ukishazoea, pandisha maji kidogo kidogo hadi gramu 375. Tumia mizani. Vikombe vya nyumba moja havilingani na vya nyumba nyingine, na katika mkate huu tofauti ya maji ya vijiko viwili inaonekana.

Changanya mpaka pasibaki unga mkavu, funika bakuli, acha nusu saa. Kisha lowesha mkono, shika ukingo wa unga, uvute juu, ulaze katikati, zungusha bakuli na ufanye hivyo pande zote nne. Rudia mara tatu kwa kupisha nusu saa. Hakuna kukanda mpaka jasho likutoke. Baada ya hapo funika uumuke. Ukikaribia kuwa mara mbili na mapovu yakaonekana juu, umwage mezani kwenye unga kidogo, ukunje uwe duara, ulaze juu ya kitambaa kilichonyunyizwa unga kwa dakika 40 hivi, kisha uoke.

Ninunue unga gani?

Soma ubavu wa pakiti, pale palipoandikwa protini. Ukipata unga wenye gramu 11 au zaidi kwa kila gramu 100, huo ndio. Unga wa kuokea keki uache. Matundu hayatapatikana humo. Unga wa kawaida wa chapati na mandazi unafaa, ila usiupe maji zaidi ya gramu 350 mara ya kwanza. Ngano nyingi ya Kenya huagizwa kutoka nje na kushushwa bandarini hapa hapa, kutoka nchi tofauti kwa nyakati tofauti, kwa hiyo usishangae pakiti ya mwezi huu ikinywa maji kuliko ya mwezi uliopita. Anza na kidogo, ongeza kwa mkono.

Ukitaka ladha ya Altamura, toa gramu 100 za unga mweupe uweke semolina, yaani ngano iliyosagwa ikabaki na chembechembe. Ile ya chembe kubwa inayotumiwa kwa vitamu iloweke kwanza katika maji ya kipimo kwa nusu saa, la sivyo utatafuna mchanga.

Robo ya kijiko tu cha hamira? Mahamri yangu huweka kijiko kizima.

Hapa ndipo mikate mingi ya Mombasa inapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ladha ya mkate huu haitoki kwenye viungo. Inatoka kwenye muda. Hamira inapofanya kazi polepole, unga hujenga ladha na ile mishipa yake, gluteni, hujipanga wenyewe bila kukandwa. Mahamri yana sukari, tui na iliki za kuyabeba, yakiumuka haraka hayadhuriki. Mkate huu hauna cha kujifichia.

Sasa, mapishi mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Mapishi maarufu kuliko yote ya mkate usiokandwa ni ya Jim Lahey, mwoka mikate wa New York aliyejifunzia kazi Italia. Gazeti la New York Times liliyachapisha 2006. Yanasema uache unga saa 12 hadi 18. Ni kweli, katika chumba chenye nyuzijoto 21. Jikoni Kisauni au Majengo wakati wa kaskazi ni nyuzi 30 na zaidi, hata usiku haliteremki kwa maana. Kwa joto hilo hamira hukimbia maradufu na zaidi. Ukifuata saa 18 utaamka ukute uji mchachu uliopanda, ukaanguka, na usioshikika.

Njia zetu ni tatu. Ya kwanza ni kupunguza hamira: robo ya kijiko wakati wa kusi, nusu ya hiyo robo wakati wa kaskazi, endapo unga utalala nje usiku kucha. Ya pili ni kutumia maji ya baridi. Wakati wa kaskazi, yaani Desemba hadi Machi, changanya nusu maji ya friji na nusu ya bomba. Ya tatu ni friji yenyewe. Kunja mara tatu zile, acha nje saa moja, kisha tia friji hadi kesho, hata kesho kutwa. Mimi naipenda hii ya tatu kuliko zote kwa sababu haibabaiki na msimu.

Na hata hivyo, tazama unga, usitazame saa. Umepanda karibu mara mbili? Ukitikisa bakuli unatetemeka? Juu pana mapovu? Basi uko tayari, hata kama mapishi yanasema bado saa tano. Tia unga katika chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani na ufunge mpira wa kuzungushia pale ulipoanzia, utajua umepanda kiasi gani bila kubahatisha.

Unga unanata kama urimbo. Niongeze mkavu?

Hapana. Mkono uliozoea chapati utatamani kufanya hivyo, uuzuie. Maji mengi ndiyo yanayoleta matundu na ule ulaini wa ndani. Lowesha mikono kila unapougusa, na uuguse kwa haraka bila kuubana. Baada ya mkunjo wa pili utaona umeanza kushikana. Kipande cha plastiki ngumu, hata kifuniko cha kopo la siagi kilichokatwa nusu, kinakusanya unga mezani vizuri kuliko vidole.

Kama baada ya mikunjo yote bado unatambaa, basi unga wako ni dhaifu. Siku hiyo umimine katika sinia lililopakwa mafuta uoke focaccia, wageni hawatajua.

Maji ya kisima yanafaa?

Visima vingi vya mjini vina chumvichumvi. Onja. Ukiisikia ulimini, punguza chumvi ya mapishi hadi gramu 8. Yakiwa machungu kabisa, tumia maji yale unayopikia chai.

Kwa nini kila mtu anasema sufuria yenye mfuniko?

Kwa sababu ya mvuke. Unga mbichi unapoingia motoni hutoa unyevu. Ukiuzuia humo ndani, ngozi ya mkate hubaki laini kwa dakika za mwanzo na mkate unapata nafasi ya kufumka kabla ganda halijakaza. Waokaji wakubwa wana matanuri yanayopuliza mvuke. Sisi tuna sufuria nzito.

Weka sufuria na mfuniko wake katika oveni, washa nyuzi 230 hadi 240, acha nusu saa vipate moto kamili. Tumbukiza mkate kwa kutumia karatasi ya kuokea, uchanje juu kwa wembe, funika. Dakika 30 ukiwa umefunikwa, kisha dakika 15 hadi 20 wazi. Sufuria ya chuma cha kumimina ndiyo bora. Ya alumini nene inafaa pia. Zisizofaa ni zile zenye mikono ya plastiki, mifuniko ya kioo cha kawaida, na zilizopakwa dawa ya kutonata, kwa sababu kuzichoma tupu kwa moto mkali hutoa moshi mbaya kuvuta. Na vaa kitambaa kinene mkononi hata baada ya kuutoa mkate. Watu wengi huungulia mfuniko, si oveni.

Sina oveni. Nina jiko la makaa tu.

Basi una chombo ambacho mabibi zetu walitumia kwa mkate wa mayai na wa kumimina: moto wa juu na chini. Kupalia ni kupalia, unga ndio uliobadilika.

Chagua sufuria nene isiyo kubwa mno, na mfuniko bapa wa bati au chuma unaoweza kubeba makaa. Chini ya mkate weka karatasi ya kuokea, au jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea, upande laini juu. Washa makaa yakolee mpaka yawe mekundu yenye jivu jeupe. Moto wa chini uwe mdogo, makaa machache yaliyotawanywa pembeni na katikati pakiwa karibu tupu. Moto wa juu uwe mwingi, umejaa mfuniko mzima. Wengi hukosea hapa kwa kugeuza mambo, wanapata mkate mweusi chini na mweupe juu.

Pasha sufuria dakika 10, tia mkate, funika, palia. Usifunue kabla ya dakika 25. Baada ya hapo chungulia, ongeza makaa mapya juu, na uendelee dakika 15 hadi 20 nyingine. Ganda halitakuwa kavu kama la oveni kwa sababu mvuke hauna pa kutokea; dakika za mwisho sogeza mfuniko kidogo uachie upenyo. Fanya unga uwe na maji gramu 330 tu mpaka uuzoee moto wako. Harufu ya makaa inayoingia humo, oveni ya Nyali haiwezi kuitoa.

Oveni yangu ya gesi haigeuzi rangi juu.

Oveni nyingi za majiko ya gesi zina moto wa chini pekee. Pandisha rafu juu, oka kwa sufuria kama ilivyoelezwa, kisha ukiufunua umalize kwa kuwasha choma ya juu (grili), kama ipo, dakika tano, ukisimama hapo hapo. Kama haina choma ya juu, utoe mkate sufuriani uugeuze, mgongo uangalie chini, juu ya rafu tupu.

Mama mkwe anasema nimeunguza.

Shikamoo yake kwanza. Kisha mkatie kipande cha pembeni, mpakie samli, mpe. Rangi ya kahawia iliyokolea ndiyo ladha ya mkate huu, na mkate uliotolewa ukiwa wa rangi ya biskuti hulainika wote baada ya saa moja. Ukiungua kweli utajua kwa ulimi, utakuwa mchungu. Kwa uhakika zaidi, ugonge chini kwa kidole. Ukilia mtupu umeiva. Wenye kipimajoto wachome katikati, nyuzi 96 hadi 98 zinatosha.

Ganda lilikuwa linavunjika, jioni limelegea. Kwa nini?

Hewa ya bahari, na hutaishinda kabisa. Unyevu hutoka ndani ya mkate kuja kwenye ganda, na ule wa nje nao unaongezea. Unachoweza kufanya ni kuoka dakika tano zaidi ya ulivyozoea, kuzima oveni ukauacha humo dakika 10 mlango ukiwa wazi kidogo, na kuupozea juu ya waya, si mezani. Usiufunge katika mfuko wa plastiki siku ya kwanza. Ukitaka kuula jioni, urudishe katika oveni ya nyuzi 200 kwa dakika nane, ganda litarudi.

Lazima nisubiri upoe?

Saa moja angalau. Ukikatwa moto, ndani bado pana mvuke unaomalizia kuivisha, na kisu kitaburuta nyama yake kama ugali mbichi. Najua watoto hawangoji. Basi oka na kadogo kando, wale hako.

Biga ni nini, na je, inawezekana hapa?

Ni unga mgumu unaoandaliwa siku moja kabla: unga gramu 250, maji gramu 125, hamira ya ncha ya kijiko. Usiukande, uache wenye mabonge makavumakavu. Italia huuweka mahali penye nyuzi 16 hadi 18, na Mombasa mahali hapo hapapo. Uache nje saa moja, kisha friji usiku kucha. Asubuhi uchanganye na unga uliobaki gramu 250, maji gramu 250, chumvi, na hamira nyingine ncha ya kijiko. Hii ndiyo njia ya ciabatta, ukiongeza mafuta ya zeituni kijiko kimoja cha chakula. Si ya kuanzia. Mtu aoke ule mkate wa kawaida mpaka mkono uutambue unga, ndipo aje huku.

Mafuta ya zeituni ni ghali. Nitumie mengine?

Mkate wa kawaida hauhitaji mafuta hata tone. Ciabatta na focaccia ndizo zinazoyataka. Kwa ciabatta mafuta ya alizeti yanapita. Kwa focaccia sikushauri, kwa kuwa pale mafuta ndiyo kitoweo. Afadhali uoke mara chache kwa mafuta ya kweli. Ya nazi yana harufu yake, yatageuza mkate kuwa kitu kingine, kitamu pengine, lakini si cha Genova.

Unga uliolala unanuka kama pombe. Kuna tatizo?

La mapishi, ndiyo: umepita kiasi. Punguza hamira au muda. Hamira hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa pamoja na kileo kidogo, kama inavyofanya katika mahamri na mkate wowote wa hamira, na sehemu kubwa yake huruka motoni. Anayetaka hukumu ya dini amuulize shekhe wake, hapa ni jikoni.

Nataka kutumia chachu ya asili badala ya hamira.

Unga na maji vikiachwa pamoja na kulishwa kila siku huota chachu yake, na kwa joto letu huchangamka haraka kuliko Ulaya. Taabu ni kuitunza. Nje italia njaa mara mbili kwa siku. Ukiisahau inakuwa chungu kama siki na kuutepetesha mkate. Iweke friji, uilishe mara moja kwa wiki kwa sehemu moja ya chachu, tano za unga na tano za maji. Katika mkate weka gramu 40 hadi 50 tu, ingawa mapishi ya wazungu yatakwambia 100.

Ramadhani nitapanga vipi?

Ukiuchanganya wakati wa daku utakuwa umepita kiasi kabla ya Alasiri, isipokuwa ukiutia friji. Ratiba inayokubali ni hii: changanya saa tatu asubuhi, maliza mikunjo kabla ya saa tano, baada ya Adhuhuri endelea kuutazama, uunde saa nane, uoke saa tisa. Kufika saa kumi na robo umeshatoka na hadi Magharibi umepoa vizuri. Chumvi ipime kwa mizani, kwa kuwa huwezi kuonja.

Stima ikikatika mkate ukiwa ndani?

Usifungue. Oveni na sufuria nzito zimebeba joto, dakika 10 za kwanza hazitadhuru. Ikichelewa zaidi ya hapo, hamishia sufuria kwenye jiko la makaa upalie. Kama unga bado haujaingia motoni, urudishe friji, hata iliyozimika ina baridi ya kutosha kwa saa kadhaa, usiifungue ovyo.

Uliwe na nini?

Mchuzi wowote mzito. Kwa samaki wa kupaka ni bora kuliko boflo kwa sababu haulowi ukasambaratika. Maharagwe ya nazi nayo. Kwa Kiitaliano chenyewe, choma vipande juu ya makaa, visugue kwa kitunguu saumu kibichi, weka nyanya zilizokatwa, chumvi na mafuta ya zeituni. Nyanya za Kongowea zilizoiva mpaka zinapasuka, zile ambazo wauzaji wanakuachia kwa bei ya kutupa jioni, ndizo hasa.

Unakaa siku ngapi, na ukikauka?

Siku mbili mezani, umefungwa kwa kitambaa. Ya tatu Mombasa huleta ukungu. Friji ya kawaida huukausha upesi kuliko meza, kwa hiyo ukate vipande uvitie kwenye freza, na uvichome moja kwa moja bila kuviyeyusha. Uliokauka usiutupe. Watu wa Toscana huuloweka kidogo kwa maji, wakaukamua, wakauchanganya na nyanya, matango, vitunguu, siki na mafuta, wakaula baridi mchana wa joto. Kwa vitunguu, vile vyekundu vilivyokatwa nyembamba na kufikichwa kwa chumvi kama vya kachumbari vinafaa zaidi.